Sola ya nyumbani na laini ya stima: uunganishe bila betri, uweke mseto, au ujitenge kabisa?

Ilikuwa saa sita mchana, jua la Kilifi liko utosini, stima ikapotea mtaa mzima. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa barazani chini ya feni. Feni ikapunguza mwendo, ikazunguka mara mbili tatu za mwisho, ikasimama. Akainua macho kuziangalia paneli zake sita zinazong'aa juu ya bati, kisha akaniita kupitia ua: "Mwanangu, hebu njoo unieleze. Jua lote hili, na feni imezimika?"

Nilikwenda kuitazama inveta iliyo ukutani, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani. Taa nyekundu inawakawaka, na kioo kinasema hakuna gridi, yaani laini ya stima imekufa. Mtambo ulikuwa mzima kabisa. Inveta ya aina ile, isiyo na betri, hujizima yenyewe punde laini inapopoteza umeme, tena ni lazima ijizime: ikiendelea kusukuma umeme nje, fundi aliyepanda nguzo akidhani waya umekufa anaweza kupoteza maisha. Mwalimu hakuelezwa hayo kabla ya kutoa pesa zake. Alijua tu kwamba amenunua sola, na kwa wengi wetu sola maana yake ni kutokaa gizani.

Kwa mwenye nyumba Kenya ambaye tayari ana stima, njia ni tatu. Ya kwanza ni kuunganisha paneli na laini bila betri, umeme wa ziada ukatoka kwenda kwenye gridi. Ya pili ni mseto, yaani paneli, betri na laini vikifanya kazi pamoja. Ya tatu ni kujitenga: unaaga laini na kujitegemea. Kila moja nimeiona ikimfurahisha mtu na kumkera mwingine, na mara nyingi kilichowatofautisha kilikuwa saa wanazotumia umeme.

Vipimo kwanza

Kila njia nitaipima kwa mambo yale yale matano: umeme ukikatika unabaki na nini, bili inapungua kiasi gani, pesa ya mwanzo na ya baadaye, kibali na mita, na matunzo. Lakini kabla ya kusoma zaidi, chukua daftari. Kwa siku saba, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, nenda kwenye mita uandike namba. Kama una mita ya tokeni, andika uniti zilizobaki na ukumbuke kuongeza ulizonunua katikati. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu huchomoza na kuzama karibu na saa hizo mwaka mzima, kwa hiyo daftari hilo litakugawia matumizi yako sehemu mbili: ya jua na ya giza. Sijawahi kuona hesabu ya fundi yeyote iliyo muhimu kuliko hiyo.

Usiandike wakati wa Ramadhani, ukadhani ndio mwaka mzima. Mwezi ule mapishi yote huhamia magharibi na daku, na namba za usiku hupanda.

Tuchukue mfano wa nyumba moja tutakayotembea nayo hadi mwisho: uniti 8 kwa siku, 3 za mchana na 5 za usiku (uniti moja ni kilowati 1 ikitumika kwa saa moja). Ina friji, feni, televisheni, pasi, pampu ya maji na taa. Kwa mwezi ni uniti 240. Kumbuka pia kwamba kilowati 1 ya paneli, ikiwekwa vizuri Pwani, hutoa kama uniti 4 kwa siku kwa wastani. Limuru mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umetanda, usitarajie hizo.

Njia ya kwanza: kuunganisha bila betri

*Umeme ukikatika.* Huna kitu. Hata jua liwe kali vipi, utakaa kama jirani asiye na paneli. Kama mtaa wako stima hupotea mara moja kwa mwezi kwa saa moja, hilo linavumilika. Kama hupotea kila mvua ikinyesha, fikiri tena.

*Bili.* Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ilimruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba kupatana na gridi kwa mita ya pande mbili, na kanuni zake zikatoka mwaka 2024. Kwa kanuni hizo, uniti unayoitoa haihesabiwi sawa na uniti unayoichukua: unapata mkopo wa nusu. Ukitoa uniti 10, umewekewa 5. Hulipwi pesa taslimu; mkopo unapunguza uniti za kulipia.

Sasa nyumba yetu ya uniti 8. Tuiwekee paneli za kilowati 2, zizae uniti 8 kwa siku. Uniti 3 zinatumika palepale mchana. Zinazobaki 5 zinatoka nje, mkopo wake ni 2 na nusu. Usiku familia inachukua 5 kutoka laini, inapunguziwa mkopo wake, inalipia 2 na nusu. Kwa mwezi zile 240 zimekuwa 75. Lakini angalia: uniti iliyotumika mchana imeokoa uniti nzima, iliyotoka nje imeokoa nusu. Familia ikihamisha pampu, pasi na mashine ya kufua hadi saa tano au saa nane mchana, ikapeleka uniti 2 kutoka usiku kwenda mchana, hesabu inabadilika: inatumia 5 papo hapo, inatoa 3, mkopo ni 1 na nusu, usiku inachukua 3, inalipia 1 na nusu. Mwezi unakuwa uniti 45 badala ya 75, na hakuna kifaa hata kimoja kilichonunuliwa zaidi.

Na ukiunganisha bila makubaliano hayo, inveta ikiwekewa kifaa cha kuizuia isitoe umeme nje, zile 5 za ziada hazizalishwi kabisa. Utabaki kulipia uniti 150 kwa mwezi.

*Pesa.* Ndiyo njia nafuu kuanza. Paneli za siku hizi hutoka na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25 hivi, na inveta tarajia kuibadilisha mara moja au mbili ndani ya muda huo. Hakuna betri ya kukulia akiba.

*Kibali na mita.* Njia hii ndiyo yenye makaratasi mengi: maombi kwa Kenya Power, ukaguzi, mkataba, mita mpya. Usiruhusu mtu akwambie "washa tu, hakuna atakayejua". Mita nyingi za tokeni hazikuundwa kuhesabu umeme unaorudi. Nyingine hujifunga zikidhani zimechokorwa, na nyingine huuhesabu umeme wako mwenyewe kana kwamba umeutumia, ukalipia jua lako. Fundi naye awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kawi. Leseni zake zina madaraja, T1, T2 na T3, na mtambo unaogusa gridi ni kazi ya T3. Omba uione leseni yenyewe, usiridhike na picha ya simu.

*Matunzo.* Kuosha paneli kwa maji matupu asubuhi na mapema, zikiwa bado za baridi. Pwani tuna kunguru, nao wanapenda ukingo wa paneli kuliko mwembe. Kinyesi kimoja kikikauka juu ya seli kinaweza kupunguza nguvu ya msururu mzima wa paneli. Ukikaa karibu na bahari, dai vyuma visivyoshika kutu na fremu za alumini, maana chumvi haina huruma.

*Inamfaa nani.* Nyumba iliyo na watu mchana: mama anayeshona, duka lililo mbele ya nyumba, mtu anayefanya kazi na kompyuta chumbani, nyumba ya wageni yenye viyoyozi vinavyofanya kazi adhuhuri. Na mtaa ambao laini yake ni tulivu.

Njia ya pili: mseto

*Umeme ukikatika.* Inveta ya mseto inajitenga na laini kwa sekunde chache au chini ya hapo, kisha inaendelea kuhudumia upande wa nyumba uliouchagua. Neno la kushika ni "uliouchagua". Mafundi wazuri hutenganisha nyaya: taa, friji, feni, televisheni na soketi chache zinakwenda kwenye inveta, pasi, jiko la umeme na shawa ya maji moto zinabaki laini. Shawa ya papo hapo hula hadi kilowati 5 na zaidi. Inveta ya kilowati 3 ikilazimishwa kuibeba, itazima nyumba nzima mtu akiwa na povu kichwani.

*Bili.* Nyumba yetu: paneli zile zile za kilowati 2, na betri moja ya lithiamu ya uniti 5. Uniti 3 zinatumika mchana, 5 zinaingia betrini. Kwa kuwa betri haijazwi na kukaushwa kikamilifu, na kuna kinachopotea njiani, usiku zinatoka kama 4 na kidogo. Laini inadaiwa chini ya uniti 1 kwa siku, kama 20 kwa mwezi. Hapa pana faida nyingine isiyosemwa sana: bei ya uniti ya nyumbani nchini hufuata makundi, wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa 30 hadi 100, na wanaozidi 100. Nyumba iliyokuwa kundi la juu la bei sasa inaweza kushuka hadi la chini kabisa, hata zile chache inazonunua zikawa rahisi. Wakati wa masika, mawingu yakikaa siku nne mfululizo, itanunua zaidi, na hakuna ubaya. Laini iko kwa kazi hiyo.

*Pesa.* Betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote, mara nyingi kuliko paneli zenyewe. Hapa niseme yangu. Mimi nilianza na betri nne za risasi na asidi kwa sababu zilikuwa nusu ya bei. Muuzaji hakunieleza kwamba betri za namna ile hazitaki kushushwa chini ya nusu. Mimi nikazishusha kila usiku hadi feni inazimika yenyewe alfajiri, na hata miaka miwili haikutimia. Siku nilipoziondoa, moja ilikuwa imevimba ubavuni kama mtungi. Betri ya lithiamu aina ya chuma na fosfeti inavumilia kushushwa asilimia 80 hadi 90, kwa maelfu ya mizunguko. Nilinunua rahisi nikalipa mara mbili, na hilo nalisema kwa yeyote aliye karibu kununua.

*Kibali na mita.* Inategemea kama utatoa umeme nje. Mseto unaweza kuwekwa uchukue tu kutoka laini bila kurudisha kitu, kwa kifaa kidogo cha kupimia kinachoshikishwa kwenye waya mkuu kabla ya nyumba. Ukitaka mkopo wa nusu kwa ziada yako, makaratasi ni yale yale ya njia ya kwanza. Lakini hata usipotoa kitu, mtambo umeunganishwa na laini, kwa hiyo fundi wa T3 na ukaguzi havikwepeki. Swichi ya kubadilisha isiwe ya kubuni. Nimekuta nyumba ambamo mtu alichomeka inveta kwenye soketi ya kawaida ili "ilishe nyumba". Kosa la kusahau kuzima swichi kuu hapo ni umeme kutoka hadi mtaani, kwenye mikono ya fundi wa laini.

*Matunzo.* Paneli kama kawaida, na betri ikae mahali penye hewa na kivuli. Chumba cha bati kinachochemka mchana kinaila betri polepole, na hutaona mpaka imeisha.

*Inamfaa nani.* Familia ambayo wote hutoka asubuhi na kurudi jioni, hivyo matumizi yao ni ya giza. Mwenye friji ya dawa, mwenye kuuza samaki au maziwa, mwenye mgonjwa anayetumia mashine. Na yeyote ambaye mtaa wake stima hupotea bila taarifa.

Njia ya tatu: kujitenga

*Umeme ukikatika.* Haukatiki na mtaa, bali unakatika na wewe. Siku betri imekwisha saa tisa usiku, hakuna simu ya kupiga. Wengi walio makini huweka jenereta ndogo pembeni kwa siku za mvua.

*Bili.* Hakuna. Wala mkopo hakuna: jua la ziada la Januari linapotea bure, nawe Mei unalihitaji.

*Pesa.* Hapa ndipo nyumba yetu ya uniti 8 inashtuka. Bila laini lazima ijiandae kwa siku mbaya kuliko zote. Tukisema siku mbili bila jua la maana, ni uniti 16 za kuhifadhi, yaani betri 4 kama ile moja ya mseto. Paneli nazo ziongezwe maradufu, kilowati 4, ili siku ya mawingu ipatikane hata nusu na siku ya jua betri zijae tena. Nyumba ile ile, matumizi yale yale, betri mara nne. Anayejitenga kwa hasira ya bili moja kubwa hulipia hasira hiyo kwa miaka. Lakini kwa nyumba ndogo yenye taa sita, redio, televisheni na friji ndogo ya sola, hesabu ni nyingine kabisa, na njia hii inakuwa ya heshima na ya bei nzuri.

*Kibali na mita.* Hakuna mkataba wa gridi. Fundi mwenye leseni bado anahitajika, na waya wa athi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, na kinga ya radi visirukwe.

*Matunzo.* Wewe ndiwe kampuni ya umeme. Kila jioni unatazama asilimia ya betri kabla ya kuamua kupiga pasi. Kuna watu wanalipenda jambo hili, na kuna nyumba zinazogombana kwa ajili yake.

*Inamfaa nani.* Aliye mbali na nguzo, ambapo kuvuta laini kunagharimu kuliko mtambo mzima. Shamba la Ganze au Magarini, banda la kuku, nyumba ya likizo inayolaliwa mara mbili kwa mwezi. Ukiwa na paa la makuti, kwa njia yoyote kati ya hizi tatu, paneli ziweke kwenye fremu chini au juu ya banda la bati. Makuti hayashiki bolti, na cheche moja ya kiungo kibovu inatosha kuyateketeza.

Na upepo je?

Pwani huulizwa sana, kwa sababu tunauhisi usoni kila siku. Upepo una kanuni kali: kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nane, ikipungua nusu, inabaki sehemu moja ya nane. Ndiyo maana Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, penye upepo mkali usiochoka, kumesimamishwa mitambo 365 inayofikia megawati 310, ilhali pangaboi dogo la kuzalisha umeme juu ya nyumba ya mtaani, katikati ya minazi na maghorofa, huzunguka sana na kuzalisha kidogo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma katikati ya mwaka, utafurahi. Ikija tangambili, majira ya kubadilika kwa pepo, upepo haujui uende wapi, nguzo yako inasimama kimya. Kama uko ufukweni kabisa au juu ya kilima kilicho wazi, pangaboi linaweza kusaidiana na paneli, kwani kusi huanza na masika, jua linapopungua. Taratibu za kuliunganisha na laini ni zile zile. Kwa nyumba za kawaida mimi ningeweka pesa hiyo kwenye paneli mbili zaidi.

Ukirudi kwenye daftari lako

Ikiwa zaidi ya nusu ya uniti zako ni za mchana na laini yako ni tulivu, anza na njia ya kwanza, lakini nunua inveta inayokubali betri baadaye. Tofauti ya bei si kubwa ukilinganisha na kubadilisha mtambo mzima.

Ikiwa uniti zako ni za usiku na stima hukusumbua, mseto. Anza na betri moja nzuri, acha nafasi ya ya pili, na usisogeze macho kwenye betri za bei ya kutupa.

Ikiwa kinachokuuma ni kukatika tu, na bili unaimudu, huhitaji kujaza paa. Inveta, betri moja na paneli chache kwa ajili ya taa, friji na feni zitatosha.

Ikiwa unanunua uniti zisizozidi 30 kwa mwezi, uko tayari kwenye kundi la bei ya chini, na mtambo mkubwa hautakurudishia pesa yako haraka. Badilisha taa, kagua mpira wa mlango wa friji, kisha subiri.

Ikiwa wewe ni mpangaji, kaa na mwenye nyumba kwanza. Mita ni kwa jina la nani, na ukihama nani anabaki na paneli? Andikeni. Mtambo mdogo wa kubebeka, usioguswa na laini, ndio ulio salama kwako.

Ikiwa maji ya moto ndiyo yanayokula tokeni zako, kama ilivyo kwa wenzetu wa Nyeri na Limuru wanaowasha shawa saa kumi na moja alfajiri jua halijatoka, weka kwanza sola ya kupasha maji juu ya paa, halafu uandike daftari upya.

Mwalimu, jirani yangu, alilifanya la daftari. Aligundua kwamba uniti zake nyingi ni za mchana, kwa kuwa yuko nyumbani siku zote, na kwamba alichohitaji ni feni na friji visizimike. Hakuongeza paneli hata moja. Alibadilisha inveta, akaweka betri moja kwenye ukumbi wa nyuma penye kivuli, na feni ya barazani ikawa ya kwanza kuunganishwa upande wa betri.